Silabi za Kiingereza na Maelezo ya Polisi

Hapa Uganda askari huongea Kiswahili kambini na kituoni, lakini jalada la kesi hufika mahakamani kwa Kiingereza. Neno moja likikosewa katika maelezo ya shahidi, wakili wa mshtakiwa hulishika na kuligeuzageuza mbele ya hakimu. Kwa hiyo tunawashauri ndugu zetu wa jeshi na polisi wajizoeze kuyakata maneno ya lugha hiyo kwa silabi zake.

Kiswahili kimetuzoesha raha. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na kila irabu husikika: ka-na-li, lu-te-ni. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno "strength" lina herufi nane na silabi moja tu. Sisi hulichomekea irabu hata zikafika silabi tano, na msikilizaji asijue tunasema nini.

Vitenzi vya wakati uliopita ndivyo vinavyojaa katika maelezo ya polisi. "Killed" na "robbed" ni silabi moja moja, ijapokuwa jicho huona mbili. Lakini "wounded" ni mbili na "arrested" ni tatu, kwa sababu mizizi yake huishia kwa sauti ya d au t, na hapo tu kiishio hicho hupata silabi yake.

Katika tahajia, yafaa kumkumbuka Mmarekani Noah Webster, aliyetoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783. Vitabu vya kabla yake viliandika "ha-bit". Yeye akakata "hab-it", kama mdomo unavyotamka, maana irabu fupi hufungwa na konsonanti. Askari akikata "rob-bing" ataziona b mbili, naye atakuwa ameandika unyang'anyi. Akiandika b moja, mtuhumiwa wake atakuwa anavaa joho!

Hata hivyo kuhesabu silabi peke yake hakutoshi. Mkazo nao una kazi. "Desert" likikazwa silabi ya kwanza ni jangwa, likikazwa ya pili ni kutoroka jeshini.

Wako wanaosema kwamba kazi ya askari ni bunduki, si sarufi. Hao hawajasimama kizimbani kuhojiwa juu ya maandishi yao wenyewe. Tungependa vyuo vya mafunzo vitenge walau robo saa kila siku kwa zoezi hili, na vianze na tarehe. "Wednesday" hutamkwa kwa silabi mbili, lakini mwenye kuiandika na aisome kimoyomoyo kwa tatu, Wed-nes-day, na ile d haitapotea.