Bastola ya Marehemu Si Shamba la Kugawana

Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na familia juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona baada ya maziko, nalo ni silaha aliyoiacha marehemu.

Hedaru, wilayani Same, iko chini ya milima ya Upare, kando ya reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka katika bonde hili yakiwasukuma Wajerumani. Katika nchi iliyopitiwa na vita, ambayo wakulima wake hukesha wakilinda mahindi, si ajabu kufungua kasha la babu na kukuta gobore au bastola kuukuu.

Hapo vijana husema: "Tuipake mafuta, tumpelekee fundi, tuihifadhi. Ni kumbukumbu ya mzee." Nia yao ni njema, lakini njia si sahihi.

Kwanza, leseni ya silaha ni ya mtu, si ya nyumba. Shamba na ng'ombe hugawanywa kwa mafungu baada ya kulipa madeni na kutekeleza wasia, ila idhini ya kumiliki bastola haina fungu la mrithi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu yeyote kukaa na silaha bila leseni. Mrithi anayeihitaji hana budi kuikabidhi polisi, kisha aombe leseni kwa jina lake.

Pili, chuma kikuukuu hakina huruma. Silinda iliyolegea hailingani sawasawa na mtutu, na risasi ikitoka hupasuka vipande na kumjeruhi mpigaji. Bastola nyingi za zamani zikianguka huku nyundo imelalia risasi hufyatuka zenyewe. Fundi wa baiskeli, hata awe hodari vipi, hana ujuzi wala idhini ya kazi hiyo.

Tatu, tumfikirie mjane aliye edani na mayatima wanaocheza chumbani. Tufikirie pia ugomvi wa mpaka wa shamba baina ya ndugu, ilhali mmoja anajua kilichofichwa darini. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa alani. Ikiwa upanga ulihofiwa mkononi mwa mtu mzima, itakuwaje bastola yenye risasi mikononi mwa mtoto?

Wapo wanaochelea kwamba wakiipeleka watakamatwa. Hofu hiyo inaeleweka, nayo ndiyo sababu ya kuwapo msamaha. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliutenga Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha kwa hiari, na muda huo ukaongezwa hadi mwaka 2030. Nchini kwetu, mwaka 2023 msamaha ulitolewa kwa miezi ya Septemba na Oktoba. Familia isiijaribu silaha wala kuibeba kiholela. Wazee wawili watoe taarifa polisi, wafuate maelekezo, na wadai hati ya makabidhiano.

Heshima ya babu haimo katika chuma. Imo katika dua, katika madeni yake yaliyolipwa, na katika watoto wake waliobaki hai wakipendana. Anayetaka kumbukumbu na ahifadhi bakora yake, msahafu wake na picha yake. Silaha irejeshwe kwa mwenye mamlaka nayo, kwani hiyo nayo ni amana.