Tuyatoe Maji Yetu Mtaroni

Enyi jamaa zangu mkaao Mukuru kwa Reuben, juma lililopita, baada ya mvua ya usiku, nilishuhudia jambo ambalo, lau lingetokea katika mtaa wa matajiri, lingejaza magazeti: bomba la plastiki la maji ya kunywa lilikuwa limepasuka ndani ya mtaro wa maji ya vyoo, na mwenye bomba, baada ya kuuzamisha mkono katika uchafu ule na kuufunga ufa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, alijifuta surualini, akafungua koki, akaendelea kuijaza mitungi ya kina mama waliopanga foleni. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai, ya pili meupe, na weupe ule ukahesabiwa kuwa ndio usafi. Siku ya tatu mtoto wa ploti ile alikimbizwa kwa mkokoteni, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi, na zahanati ya kwanza ikamrudisha mlangoni kwa kuwa mamaye hakuwa na malipo ya kutanguliza.

Sababu sote twazijua: bomba tupu lenye ufa hufyonza kilichomo mtaroni, na maji yakirudi hukileta kinywani.

Lakini lawama ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba asiyekosa siku ya kodi, hali choo kimoja kinahudumia ploti nzima. Ni ya wakubwa, kwani Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 43, imetuahidi maji salama na usafi, na mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ikaitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, mabomba ya majitaka yakalazwa katika baadhi ya vichochoro na vingine vikabaki vikingoja. Na ni yetu sisi tunaoona tukanyamaza. Asidhani mtu kwamba maradhi yaletwayo na maji machafu yana mpaka: mwaka 1869 kipindupindu kiliandamana na misafara ya bara hadi Pangani ya pwani, kikavuka bahari, kikaua maelfu ya watu Unguja. Kama bahari haikukizuia, je, ukuta wa mabati utakizuia?

Basi tuondoke katika manung'uniko. Kila ploti ikutane Jumapili, bomba litolewe mtaroni, lipandishwe ukutani na kufungwa kwa waya, na muuzaji atakayekataa asinunuliwe hata mtungi mmoja. Maji yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungojewa nusu saa. Mtoto akiharisha, apewe bila kukawia maji safi lita 1 yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku akipelekwa hospitalini, kwani kipindupindu huweza kuua kwa muda wa saa chache tu. Na wakubwa wetu tuwaendee kwa umoja, tudai haki yetu kwa adabu lakini bila kuchoka.

Nawasihi, wazazi wenzangu, kwa haki ya watoto tuliowazaa: msingoje mvua nyingine, wala msingoje mjumbe, wala msiseme ya jirani hayatuhusu, maana bomba lake na lako limelala katika mtaro mmoja. Anayeweza kushika koleo na ashike, anayeweza kusema na aseme, na asiyeweza lolote kati ya hayo, basi japo akatae kununua maji yale!