Namba ya simu iwe ndani ya picha, linki ifuate

Mkulima mwenzangu, zabibu zetu hapa Dodoma huiva mara mbili kwa mwaka, na zikishaiva hazisubiri mtu. Siku hizi wengi wenu mnapiga video shambani mkionyesha vichala, au pipa la mafuta ya alizeti, mnaiweka YouTube. Mtu wa Dar es Salaam anaiona, anaipenda, halafu hajui akupate wapi.

Vijana wa mjini watakwambia dawa yake ni linki za kubofya. Mimi sizikatai, ila nasema zisiwe tegemeo lako la kwanza.

Kuanzia mwaka 2008 YouTube iliruhusu watu kuandika ujumbe na kuweka linki juu ya video yenyewe, kwenye visanduku vya rangi. Visanduku hivyo havikufanya kazi kwenye simu, na watu walikuwa wanahamia kwenye simu. Mei 2017 wakazuia kuweka vipya, na Januari 2019 wakavifuta vyote. Aliyekuwa ameandika namba yake humo tu, video ikabaki bila namba.

Vilivyopo sasa ni kadi zinazojitokeza kando, na skrini ya mwisho inayokaa sekunde 5 hadi 20 za kumalizia, mradi video yenyewe isipungue sekunde 25. Hivi vinaonekana kwenye simu. Lakini vitampeleka mteja kwenye video yako nyingine au kumwomba ajiunge na chaneli. Kumtoa nje ya YouTube kwa njia hiyo wanaruhusiwa wale tu waliokubaliwa kwenye mpango wao wa malipo. Wewe mwenye ekari moja ya zabibu unataka mteja apige simu, video ya pili haikusaidii kitu.

Tena fikiria video zinavyotembea huku kwetu. Mtu anaipakua mara moja palipo na mtandao mzuri, kisha anaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia au la wafanyabiashara. Ikishatumwa kama faili, kadi, skrini ya mwisho na maelezo ya chini vyote vimebaki YouTube. Kinachosafiri ni picha na sauti tu.

Kwa hiyo andika namba kwa herufi kubwa kwenye kibao, kishike mbele ya kamera, na uitamke polepole mara mbili. Taja na mahali: Buigiri, wilaya ya Chamwino, barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Kutamka ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kijiji chetu kina shule ya wasioona, sisi tusihitaji kukumbushwa kwamba si kila mteja anasoma kibao.

Bei usiiandike kwenye picha. Video ikishapanda huwezi kubadilisha picha ukabaki na linki ileile, na bei ya mwezi huu itakutia kwenye ugomvi msimu ujao. Bei iandike kwenye maelezo ya chini, ambayo unaweza kuyarekebisha wakati wowote.

Hapo kwenye maelezo ndipo linki ina faida. Andika https://wa.me/ kisha namba yako ukianza na 255 badala ya sifuri, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi. Mteja akibofya, WhatsApp inafunguka kwako moja kwa moja. Ukitaka ujumbe uwe umeshaandikwa tayari, ongeza mwishoni ?text=Nahitaji%20zabibu, ile %20 ikisimama badala ya nafasi kati ya maneno. Ijaribu kwa simu ya jirani kabla hujaitangaza, maana tarakimu moja ikikosewa wateja wataenda kwa mtu mwingine. Kwa video fupi zile za Shorts usijisumbue, tangu Agosti 2023 linki za kwenye maelezo yake hazibofyeki.

La mwisho ni matapeli. Mtu anaweza kuchukua video yako, akaweka linki yake chini, akapokea malipo ya awali kwa zabibu zako. Namba iliyotamkwa na wewe mwenyewe ukiwa umesimama shambani ni ngumu kuifuta kuliko maandishi ya chini. Nawe ukiwa mnunuzi, linganisha namba unayoisikia na ile ya kwenye linki. Zikitofautiana, piga ile unayoisikia, na usitume hela kabla hujaongea na mwenye shamba.