Tai Shingoni mwa Binti: Sare au Mzigo?

Kila muhula unapoanza, mzazi katika Uganda huletewa orodha ya vitu atakavyohitaji mtoto wake shuleni. Pamoja na ada, vitabu, madaftari, godoro na sanduku, na mara nyingine hata mafagio na karatasi, katika shule nyingi za sekondari imo tai yenye rangi za shule. Binti hudaiwa tai hiyo sawasawa na mvulana, na asipokuwa nayo huhesabiwa kuwa hajavaa sare. Jambo tunalotaka kulipima leo ni hili: je, ni haki kumshurutisha binti avae tai ndipo aruhusiwe kusoma?

Wako watakaotucheka na kusema kwamba nchi ina mambo makubwa ya kushughulikia kuliko kipande cha kitambaa. Sisi hatukubaliani nao. Binti anayezuiwa langoni kwa sababu ya tai hukosa somo la siku ile, na pengine la juma zima, mpaka mzazi wake apate fedha. Kitu chochote chenye uwezo wa kumtoa mtoto darasani si kitu kidogo, hata kikiwa chepesi namna gani mkononi.

Tumeona vema kulileta jambo hili mbele ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna wananchi wanaoijua maana ya sare kuwapita wao. Pili, wao ni wazazi ambao kazi yao huwahamisha mara kwa mara, na kila uhamisho huwaletea orodha mpya, rangi mpya na tai mpya.

Kazi ya sare

Askari anajua kwamba sare haikuwekwa kuwa pambo. Ina kazi tatu: kumtambulisha aivaaye, kuwaunganisha wote waivaao, na kumwezesha kutimiza kazi aliyopewa. Kwa ajili hiyo yako mavazi ya vita, yako mavazi ya mazoezi, na yako mavazi ya gwaride. Ofisa huvaa tai pamoja na koti siku ya sherehe, lakini hakuna kamanda mwenye busara atakayewaamuru vijana wake waende doria porini huku wamefunga tai. Kila vazi lina mahali pake na saa yake.

Tuipime basi tai ya binti kwa mizani hiyo hiyo. Kuhusu kumtambulisha, beji iliyoshonwa kwenye blauzi, na rangi ya sketi na ya sweta, zinatosha. Polisi anayesimamia magari njiani huitambua shule ya binti kabla hajaiona tai yake. Kuhusu kuwaunganisha, sketi ya namna moja na blauzi ya namna moja zimekwisha kuwafananisha binti wa tajiri na binti wa maskini. Tai haiongezi umoja. Inaongeza bei tu.

Kuhusu kumwezesha kufanya kazi yake, hapo tai inashindwa kabisa. Binti huinama juu ya moto katika maabara, huketi mbele ya cherehani, hushika jembe katika shamba la shule, na wakati wote huo kitambaa kinaning'inia mbele yake. Tena ukosi hufungwa mpaka juu katika joto la kiangazi, na yeyote aliyetumikia Gulu au Moroto analijua joto hilo.

Askari wa polisi wanaifahamu pia hatari nyingine. Polisi wa nchi nyingi wameacha tai ya kufunga fundo wakachukua ile ya kibanio, kwa sababu mhalifu akiikamata huchomoka mkononi mwake badala ya kumkaba askari koo. Katika Uingereza, ambako desturi ya tai shuleni ilitoka, shule nyingi nazo zimehamia tai ya kibanio kwa kuhofia watoto wasikabane katika michezo. Na mwaka 2007 serikali ya huko ilitoa mwongozo kwa hospitali za England kwamba waganga waache tai wanapowahudumia wagonjwa, kwa kuwa ni vazi lisilofuliwa mara kwa mara na laweza kubeba vijidudu. Ikiwa wenye desturi wenyewe wanaipima upya, kwa nini sisi tuishike kama amri iliyoshuka kutoka mbinguni?

Tai ilikotoka

Wanahistoria wa mavazi husimulia kwamba asili ya tai ni askari. Katika Vita vya Miaka Thelathini vilivyoiunguza Ulaya kati ya 1618 na 1648, askari wa kukodiwa kutoka Kroatia waliotumikia Ufaransa walifunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakavipenda vitambaa hivyo, wakavipa jina lililotokana na jina la Wakroatia. Baadaye vikosi na vyuo vya Uingereza vikaifanya tai kuwa alama ya udugu wa wanaume waliotumikia au kusoma pamoja. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa huko walipokuwa wakidai wafundishwe masomo yale yale ya ndugu zao, shule za wasichana nazo zikaanza kuichukua.

Tunakiri kwamba kwa msichana wa siku zile tai ilikuwa na maana. Ilitangaza kwamba amekuja kusoma hesabu na sayansi, wala hakuja kungojea mchumba. Lakini alama iliyokuwa dai la haki kwa watu wa huko ilipofika kwetu pamoja na shule za kikoloni haikuwa dai tena. Ilikuwa kanuni tu, na kanuni hiyo tumeirithi bila kuiuliza sababu yake.

Binti wa Uganda ana historia yake mwenyewe ya elimu. Shule ya Gayaza ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Mwaka 1945 Makerere ilipowapokea wanafunzi wanawake kwa mara ya kwanza, chuo kilikuwa na wito uliosema, "Na tuwe wanaume." Wakubwa wa chuo hawakuwaambia wanawake wale wajigeuze wanaume ili walingane na wito, waliubadili wito wenyewe, ukawa wa kujenga kwa ajili ya wakati ujao. Huo ndio usawa tunaoufahamu sisi: kuibadili nyumba ili wote wapate nafasi, badala ya kumvika mgeni nguo za mwenyeji.

Mzigo wa mzazi

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeandika orodha ya shule huuona mzigo wa tai kuwa mwepesi, kwa maana si yeye aubebaye. Askari hupewa sare yake na dola. Mtoto wa askari hununuliwa yake na mshahara wa baba au mama. Mwenye watoto watatu katika sekondari akihamishwa kutoka Mbarara kwenda Jinja, tai tatu za rangi za shule ya zamani zinageuka matambara, naye hana budi kutafuta nyingine tatu, ambazo mara nyingi huuzwa na shule yenyewe kwa bei isiyobishaniwa.

Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, na ile ya sekondari ilipofuata mwaka 2007, serikali ilichukua mzigo wa ada ya masomo, lakini sare iliachwa kwa mzazi. Kwa hiyo kila kinachoongezwa katika sare ni ada iliyopita mlango wa nyuma.

Tusidhani kwamba gharama ya sare haina uhusiano na maisha ya binti. Huko magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wetu, wataalamu walifanya utafiti kuanzia mwaka 2003 katika shule za msingi 328, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi walipewa sare bila malipo. Ikaonekana kwamba wasichana waliopewa sare walipungua kuacha shule, na walipungua pia kuolewa na kupata mimba wakiwa wadogo. Utafiti huo ulihusu sare nzima wala si tai peke yake. Hata hivyo funzo lake ni wazi. Ukipunguza bei ya kuingia darasani, unamlinda binti. Ukiiongeza, unamsukuma nje, na huko nje wako wanaomngojea.

Wanaoitetea tai

Tumesikiliza pia wanaosema kwamba tai hufundisha nidhamu. Hao twawauliza: je, kuruta hufundishwa nidhamu na fundo la kitambaa, ama na mkufunzi anayefika saa yake, anayesema kweli na asiyependelea? Nidhamu huonekana katika blauzi iliyofuliwa, viatu vilivyopigwa rangi, na kazi ya nyumbani iliyokamilika. Hayo yote yawezekana bila tai.

Wengine husema kwamba tukiwavua wasichana tai na kuwaachia wavulana, tutakuwa tumewashusha. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Jibu letu ni kwamba lazima hiyo iondolewe kwa wote wawili. Lakini tukumbuke kwamba hata dola haidai tai kwa mwanamke anayefanya kazi ofisini. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilipotoa waraka wa mavazi, iliwataka wanaume wavae koti na tai. Wanawake ilitaka wavae sketi au gauni la heshima pamoja na blauzi nadhifu. Ikiwa mama anayekaa katika ofisi ya wilaya hahitaji tai ili aheshimiwe, kwa nini binti yake aihitaji ili afundishwe?

Wako pia mabinti wanaoipenda tai na kujisikia fahari wanapoifunga. Hatusemi wanyang'anywe. Jirani zetu wa Zaire walipigiwa marufuku suti na tai katika miaka ya 1970, wakaamriwa kuvaa lile koti lililoitwa abakosti, mpaka Mobutu alipoilegeza amri hiyo mwaka 1990. Mara tu ruhusa ilipotoka, watu wakazirudia tai zao. Amri haikuwa imebadili moyo wa mtu hata mmoja. Hapa kwetu nako, serikali ya Amin ilipiga marufuku nguo fupi za wanawake mwaka 1972. Na mwaka 2014, baada ya sheria dhidi ya picha na mambo ya uchafu kutiwa saini, wahuni waliwavua wanawake nguo hadharani, hata polisi wakalazimika kuwaonya wananchi. Mavazi ya mwanamke yakifanywa uwanja wa kuonyeshea mamlaka, anayeumia ni mwanamke, na anayeitwa kutuliza fujo ni askari.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo sisi tunaona kwamba tai isiwe sharti la kusoma, wala isipigwe marufuku. Shule inayopenda tai iiweke kwa siku za sherehe, iziweke tai hizo katika ghala lake yenyewe, iwaazime wanafunzi na kuzikusanya jioni, kama vile kikosi kinavyotunza vifaa vyake vya gwaride. Siku za kawaida, blauzi safi yenye beji itoshe. Na mahali ambapo tai itabaki, iwe ya kibanio, na ivuliwe katika maabara na karakana.

Zaidi ya yote, asiwepo binti hata mmoja wa kurudishwa nyumbani kwa kukosa tai. Mwalimu mkuu anayeona upungufu katika sare amwandikie mzazi barua, na mtoto abaki darasani.

Ndugu zetu askari, ninyi mna sauti katika mikutano ya wazazi, na neno lenu juu ya sare haliwezi kudharauliwa. Simameni mseme. Waelezeni walimu kwamba jeshi lenye kujua kazi yake haliwaachi vijana wake nje ya kambi kwa sababu ya kifungo kilichopotea. Huwaingiza ndani, huwafundisha, kisha hukitafuta kifungo.