Mitandao ya Kwanta Yatoka Maabara, Mtihani Wabaki Vituoni

Mitandao ya mawasiliano ya kwanta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya majaribio ya maabara, sasa imeanza kufanya kazi katika mazingira halisi. Mwaka 2017 China ilizindua njia ya Beijing hadi Shanghai yenye urefu wa takribani kilomita 2,000. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilishirikiana na wanasayansi wa China kuunganisha chuo hicho na Beijing, umbali wa kilomita 12,900, kwa setilaiti ndogo ya Jinan-1. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2025.

Kinachosafirishwa kwa fotoni, yaani chembe za nuru, si ujumbe wenyewe bali ufunguo wa siri wa kuufunga. Fotoni ikichunguzwa njiani hali yake hubadilika. Hivyo mdukuzi huacha alama, na ufunguo hutupwa kabla ya kutumika.

Hata hivyo, sifa hiyo hiyo ndiyo inayoleta ugumu nje ya maabara. Katika mkongo wa kilomita 100, kwa kawaida hufika takribani fotoni 1 kati ya 100, na vifaa vya kawaida vya kukuza mawimbi havifai kwa kuwa fotoni hainakiliki bila kuharibu taarifa iliyobeba. Ndiyo maana njia ya Beijing hadi Shanghai ina vituo 32, ambamo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya. Kati ya kituo na kituo usalama hulindwa na kanuni za fizikia. Ndani ya kituo hulindwa na mlango, mlinzi na uadilifu wa mtumishi. Setilaiti inayopokezana funguo nayo hubeba dhamana hiyo.

Kwa kuzingatia mapungufu ya aina hiyo, Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza kilieleza mwaka 2020 kuwa hakiidhinishi teknolojia hiyo kwa matumizi ya serikali wala jeshi, na kikapendekeza mbinu mpya za kihisabati. Agosti 2024, Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa viwango 3 vya mbinu hizo, ambazo hutumika katika mitandao iliyopo bila kujenga njia mpya.

Uamuzi huo hauwezi kusubiri. Taarifa za afya au kodi za mwananchi zikinaswa leo zinaweza kuhifadhiwa, kisha zikafunguliwa siku kompyuta za kwanta zitakapopata nguvu ya kutosha.