Mchezo wa Sita wa Reykjavik

Wako vijana wanaokariri hatua kumi za mwanzo za sataranji, kisha hatua ya kumi na moja ikawakuta hawana la kufanya. Kwao, na kwa wazazi wanaoketi nao ubaoni, nauleta mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia, uliochezwa Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972.

Bobby Fischer wa Marekani alishindwa mchezo wa kwanza, na wa pili hakutokea kabisa. Hata hivyo, baada ya michezo mitano alikuwa amekwisha kulingana alama na bingwa, Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti.

Kila alipocheza na kete nyeupe, desturi ya Fischer ilikuwa kumtanguliza askari aliye mbele ya mfalme, na alipata kuandika kuwa hakuna hatua bora kuliko hiyo. Siku ile akamtoa askari wa safu ya c. Hatua chache baadaye ubao uliingia katika ufunguzi wa upande wa malkia, ambao mweupe humtoa askari mmoja kuwa chambo na mweusi hukataa kumla. Spassky akajikinga kwa mtindo wa Tartakower, silaha aliyoizoea na kuitegemea. Kumfuata mtu nyumbani kwake namna hiyo ni ujasiri, lakini haukuwa pupa: Fischer alikwisha kuudurusu mlango huo.

Hatua ya 14 aliipeleka kete yake ya mshazari b5, kama Semyon Furman alivyomfanyia Efim Geller mwaka 1970. Spassky akamsogeza askari wa pembeni mraba mmoja, na tangu hapo ngome yake ikawa inabomoka taratibu. Hatua ya 41 akasalimu amri, kisha akapiga makofi pamoja na watazamaji. Uungwana ambao hauonekani sana penye taji la dunia. Fischer akaongoza, asiachwe nyuma tena mpaka akautwaa ubingwa.

Geller yule yule alikuwa msaidizi wa Spassky huko Reykjavik. Mwaka 1973 alipambana na Jan Timman wa Uholanzi, na ubao ukajipanga vile vile hadi b5. Askari wa pembeni hakumgusa. Alimpeleka malkia kando miraba mitatu, akashinda.