Akae Nyumbani Alee Wajukuu?

Mtakumbuka mjadala wa chama chetu muhula uliopita: je, mwanamuziki aliyezeeka anafaa kulipiwa kiingilio? Wapinzani walishinda kwa makofi. Msemaji wao (ni rafiki yangu wa dhati, kwa hivyo simtaji) alisema mzee sauti ikimwisha akae nyumbani alee wajukuu, sisi tutamsikiliza redioni. Siku hiyo nilinyamaza kama maji mtungini. Leo nimepata karatasi, na sinyamazi ng'o!

Likizo ya Agosti mjomba alinipeleka Njoro kumwona mpiga benga mmoja wa rika la babu. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili. Nitasema ukweli: tulimngoja saa tatu nzima juani, jenereta ikazima mara mbili, na wimbo wa kwanza ulinivunja moyo. Mzee aliimba akiwa kitini, sauti imekauka kama bua la mahindi. Nikanong'ona, "Mjomba, si hata redio ni afadhali?"

"Tulia wewe," akanijibu. "Sikiliza vidole."

Nikasikiliza vidole. Jamani! Lile gitaa lilikuwa likizungumza. Mahali ambapo sauti haikuweza kupanda, mzee alinyamaza tu, na kina mama waliojifunga leso wakauimba ubeti wenyewe, yeye akiwafuata kwa nyuzi taratibu. Kabla ya wimbo wa nne akatusimulia jinsi alivyopanda basi ujanani kwenda kurekodi River Road, Nairobi. Alilipwa mara moja tu, na santuri ile ikauzwa miaka na miaka. Wimbo huo nimeusikia redioni tangu utotoni, na hayo sikuwahi kuambiwa. Ile mia mbili yangu sikuijutia tena. Angalau safari hii ilimfikia mwenyewe.

Wapinzani walimtaja Mick Jagger, ati mwaka wa 2024 alizunguka Marekani akiwa na miaka 80 kwa kuwa ana madaktari na mapesa. Haya, sawa. Na Bi Kidude wa Zanzibar je? Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Alipewa tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005 akiwa ajuza tayari, na hadi alipofariki Aprili 2013, dunia ilikuwa imemjua uzeeni kuliko ujanani. Huyo naye angeambiwa akae nyumbani?

Jambo moja nawakubalia. Wako wanaopanda jukwaani wakachezesha midomo huku mashine ndiyo inayoimba. Huo ni wizi, awe mzee awe kijana, na mimi ningedai nauli yangu.

Lakini hebu tumfikirie nyanya yangu. Ana santuri za Joseph Kamaru na za Kipchamba arap Tapotuk, amezifunga kwa kitambaa kabatini. Kila mara aliposikia mmoja wao atapiga mahali, alisema, "Nitaenda mwaka ujao." Kipchamba akafariki 2007, Kamaru 2018. Nyanya hakuwahi kumwona hata mmoja.

Nimesikia yule mzee wa Njoro atapiga Molo mwezi wa Disemba. Nimeanza kuweka nauli ya watu wawili: yangu na ya nyanya. Rafiki yangu mpinzani akitaka kuja, ajilipie.